Mbwa Amekula Kisichomfaa: Fanya Hivi, Usifanye Vile

Wasomaji wanaofuga mbwa huniuliza swali moja kwa sura nyingi. Mbwa amemaliza chokoleti aliyoletewa mtoto. Amekomba sufuria ya biriani pamoja na zabibu zake. Amemeza mfupa wa kuku mzimamzima. Amekula donge la maandazi lililoachwa liumuke usiku. Mwisho wa kila swali ni uleule: "Nimpe nini?"

Jibu langu ni kwamba mara nyingi hakuna cha kumpa, ila kuna mengi ya kufanya, na ya kufanya mapema. Mbwa wengi huumia kwa sababu mbili: mwenye mbwa kusubiri dalili, au kumnywesha kitu kilichoongeza madhara. Kwa hiyo shika kanuni hii moja: amua kwa kuangalia alichokula na kiasi chake, usiamue kwa kuangalia kama bado anatikisa mkia.

## Dakika 10 za kwanza

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake:

1. Mwondoe mahali pale. Mfunge au mwingize chumbani, kisha okota mabaki yote. Kama una mbwa wawili, watenganishe, na hesabu kwamba wote wawili wamekula mpaka uhakikishe vingine.
2. Tunza ushahidi. Karatasi ya chokoleti, pakiti ya bazoka, kopo, kipande cha mfupa kilichobaki, hata matapishi. Vitie kwenye mfuko. Kama pakiti ina maandishi, yapige picha.
3. Andika mambo manne: amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, na ana uzito gani. Kama hujui kiasi, chukua kile kikubwa zaidi kinachowezekana. Pakiti ilikuwa nzima asubuhi na sasa ni tupu? Hesabu kwamba ameila yote.
4. Piga simu kwa daktari wa mifugo. Mtajie hayo manne kabla ya kueleza kisa chote. Daktari akishayajua, anaweza kukwambia kwa dakika moja kama uje haraka au umwangalie nyumbani.
5. Fuata atakachosema, wala usiongeze lako. Akikwambia usimpe chakula, basi hata kipande cha mkate usimpe.

Uzito unawasumbua wengi, lakini kuupata ni rahisi. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba mbwa, kisha panda peke yako, utoe. Huna mizani nyumbani? Muuza mahindi au mnunuzi wa chuma chakavu wa mtaani anayo. Pima leo uandike ukutani, maana siku ya dharura hutakuwa na nafasi hiyo.

## Usimpe vitu hivi

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Jirani huja na ushauri, naye ana nia njema kabisa, lakini mbwa ndiye anayelipa.

- Maziwa. Tumekua tukisikia kwamba maziwa huua sumu. Hayaui. Hayazuii theobromini ya chokoleti wala hayalindi figo dhidi ya zabibu. Mbwa wengi wazima hata hawasagi maziwa vizuri, hivyo utamwongezea kuharisha tu na kujipotezea muda.
- Mafuta ya kupikia na mayai mabichi. Mafuta hayasukumi mfupa nje. Yakinyweshwa kwa nguvu yanaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo utakuwa umemletea mbwa ugonjwa wa pili.
- Maji ya chumvi. Hili ndilo la hatari kuliko yote. Wengi huyatumia ili mbwa atapike, lakini asipotapika chumvi yote hubaki mwilini na kuathiri ubongo. Mbwa aliyekula kitu kidogo anaweza kufa kwa chumvi uliyompa wewe.
- Vidole kooni. Humtapishi mbwa kwa njia hii. Utaumiza koo lake, naye atakung'ata.
- Haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa povu kwenye kidonda. Madaktari huwaelekeza baadhi ya watu kuitumia, ila ni ile ya asilimia 3 tu, kwa kipimo kinachofuata uzito, na kwa vyakula fulani tu. Inayouzwa madukani na ile ya saluni mara nyingi ni kali zaidi, nayo huunguza koo na tumbo. Usiiguse bila maelekezo ya daktari.
- Mkaa wa jikoni uliosagwa. Mkaa wanaotumia madaktari kunyonya sumu hutengenezwa kwa namna ya pekee. Ule wa gunia haufanyi kazi hiyo.
- Panadol, diklofenaki, ibuprofeni. Dawa zetu za maumivu zinaweza kuharibu ini, tumbo au figo za mbwa. Tumbo likimuuma, usimpe kidonge chako.

## Vyakula vya kukimbilia daktari hata kama mbwa anacheza

Bazoka na pipi zisizo na sukari. Nyingi hutiwa utamu uitwao zailitoli. Kwenye pakiti utaona "xylitol" au E967. Kwa binadamu hauna shida, lakini kwa mbwa hufanya mwili umwage insulini nyingi, sukari ya damu ishuke ghafla, hata ndani ya dakika 30. Mbwa hulegea, huyumba, kisha hupata degedege. Kipimo kikiwa kikubwa, ini nalo huharibika siku moja hadi tatu baadaye. Kwa mbwa wa kilo 5, bazoka moja au mbili zinaweza kutosha kumwangusha. Soma pia kopo la siagi ya karanga na dawa ya meno, maana zipo zenye zailitoli. Mbwa akianza kulegea ukiwa njiani kwenda kwa daktari, mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye ufizi. Usimmiminie kooni.

Zabibu, mbichi na kavu, na ukwaju. Zabibu huweza kuua figo za mbwa, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Mmoja hula chache akaugua, mwingine hula nyingi asipate kitu. Zabibu kavu ni mbaya zaidi kwa sababu maji yametoka, na kilichobaki kimekolea. Tangu 2021 wataalamu wa sumu za wanyama nchini Marekani wamekuwa wakiishuku asidi ya tartariki iliyomo kwenye zabibu, na mwaka 2022 ziliandikwa habari za mbwa walioharibika figo baada ya kula ukwaju, ambao una asidi hiyohiyo kwa wingi. Kwetu sisi jambo hili ni la karibu sana. Dodoma watu wana mizabibu uani. Pwani, pilau na biriani hutiwa zabibu kavu, na mwezi wa Ramadhani makapi ya ukwaju hujaa jaani. Mbwa akila, hutapika ndani ya siku moja, halafu huonekana amepona. Figo hufeli siku moja hadi tatu baadaye. Usidanganyike na ile nafuu ya katikati.

Chokoleti, kakao na kahawa. Theobromini iliyomo kwenye kakao hukaa muda mrefu mwilini mwa mbwa na kuusukuma moyo. Tofauti za aina za chokoleti ni kubwa. Chukua mbwa wa kilo 10:

- gramu 100 za chokoleti ya maziwa: huenda akatapika, akaharisha, akahangaika usiku kucha;
- gramu 100 za chokoleti nyeusi: mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika;
- gramu 100 za unga wa kakao: zinaweza kumuua.

Dalili huanza saa chache hadi 12 baada ya kula, na zinaweza kudumu siku tatu. Mlioko Kyela, au Bundibugyo nchini Uganda, msisahau kwamba mbegu za kakao mnazoanika uani zina theobromini ileile. Masimbi ya kahawa na majani ya chai yaliyomwagwa nayo yana kafeini, inayofanya kazi kwa njia hiyohiyo.

Vitunguu maji na vitunguu saumu. Huvunja chembe nyekundu za damu. Kupika hakuondoi sumu yake. Gramu 15 hadi 30 za kitunguu maji kwa kila kilo ya uzito wa mbwa zinatosha kuleta madhara, yaani kwa mbwa wa kilo 10 ni kitunguu kimoja kikubwa au viwili vya wastani. Saumu ni kali zaidi kwa uzito uleule, na unga wake ni mkali kuliko wote. Hatari yake ni kuchelewa: siku tatu hadi tano hupita, kisha ufizi hupauka, mkojo huwa wa rangi ya chai, mbwa huchoka hata kupanda ngazi. Wakati huo mwenye mbwa ameshasahau kachumbari ya Jumapili.

Donge la ngano lenye hamira. Ndani ya tumbo lenye joto donge huendelea kuumuka. Tumbo hujaa na kukaza, na hamira hutengeneza pombe inayoingia kwenye damu. Haya ni mambo mawili kwa wakati mmoja, na yote ni ya dharura.

Pombe na machicha. Mbege, busaa, chang'aa, bia iliyobaki kwenye glasi: mwili wa mbwa haustahimili. Joto hushuka, pumzi hupungua. Machicha ya pombe wanayopewa nguruwe wasipewe mbwa.

Karanga za makadamia. Wasomaji wa Embu, Meru, Kirinyaga na Murang'a huniambia miguu ya nyuma ya mbwa imelegea ghafla. Makadamia hufanya hivyo ndani ya saa 12, pamoja na kutapika na kutetemeka. Wengi hupona ndani ya siku mbili, lakini daktari ahakikishe kwamba si sumu nyingine.

Mahindi na karanga zenye ukungu. Hapa nawasihi kwa dhati. Wapo wanaochambua mahindi yaliyooza na kusema, "Haya ya mbwa." Sumukuvu, ile iliyoua watu mashariki mwa Kenya mwaka 2004 na Dodoma na Manyara mwaka 2016, haichagui, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo kwa urahisi sana. Kupika ugali hakuiondoi. Huharibu ini kimyakimya kwa siku au wiki, kisha mbwa huacha kula, hutapika, macho na ufizi vikawa vya manjano. Kisichofaa kwa mtoto wako kwa sababu ya ukungu hakifai kwa mbwa wako.

## Vinavyokwama na kuchoma

Hivi si sumu, lakini hupeleka mbwa wengi kwenye upasuaji. Kwa vyote hivi usimtapishe kamwe, maana kilichoshuka bila kuchoma kinaweza kuchoma kikirudi.

- Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku na mbavu za mbuzi. Moto huikausha, ikivunjika hutoa ncha kali.
- Magunzi ya mahindi. Mla mahindi ya kuchoma hutupa gunzi lenye mafuta na chumvi, mbwa hulivunja vipande viwili na kumeza. Gunzi halisagiki. Linaweza kukaa tumboni siku nyingi kabla ya kuziba utumbo.
- Kokwa za embe na parachichi. Nyama ya embe haina neno, lakini kokwa huziba utumbo.
- Vijiti vya mishikaki. Mbwa hafuati kijiti, anafuata nyama iliyogandia. Kijiti hutoboa tumbo, hata kutokea ubavuni baada ya wiki kadhaa.
- Mifuko na karatasi za nyama. Zina harufu ya damu na mafuta, humezwa nzima.

Akimeza kimojawapo na yuko sawa, mpigie daktari, kisha kwa siku tatu hadi tano angalia haja yake. Mweleze daktari waziwazi kwamba ni gunzi au kijiti. Mfupa huonekana vizuri kwenye picha ya eksirei, lakini gunzi na kijiti mara nyingi havionekani, na daktari asipoambiwa anaweza kuambulia picha isiyosema kitu.

Akipaliwa na hapati pumzi, hakuna muda wa simu. Mbwa mdogo mshike miguu ya nyuma, kichwa chini, umpige mgongoni kati ya mabega kwa kiganja. Mbwa mkubwa mpitie nyuma, ukumbatie tumbo, kunja ngumi chini ya mbavu na kuivuta juu na mbele kwa nguvu mara tano. Kisha angalia mdomoni. Kama kitu kinaonekana na kinashikika, kitoe. Usikisukume ndani.

## Dalili za kuondoka sasa hivi

Ukiona lolote kati ya haya, usisubiri asubuhi:

- anajaribu kutapika na hakitoki kitu, huku tumbo likivimba na kukaza;
- anatetemeka, anayumba au anapata degedege;
- anatapika zaidi ya mara tatu, au hata maji hayakai;
- kuna damu kwenye matapishi au kinyesi, au kinyesi ni cheusi kama lami;
- amelegea, hataki kuamka;
- hajapata haja siku mbili na hali chakula;
- hakojoi, au mkojo ni wa rangi ya chai.

Jifunze pia kuusoma ufizi. Inua mdomo wa juu wa mbwa wako leo akiwa mzima, utazame. Ufizi wa mbwa mzima ni wa waridi na una majimaji. Bonyeza kwa kidole, utaona doa jeupe. Ukiachia, rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, au ufizi ukiwa mweupe, wa manjano, wa bluu au mwekundu kama tofali, ni dharura. Kwa mbwa wenye ufizi mweusi, tazama ndani ya kope la chini la jicho.

## Tahadhari isiyosahaulika: kichaa cha mbwa

Mbwa anayetokwa na mate mengi, anayeshindwa kumeza, taya limelegea, mara nyingi huonekana kama amekwamwa na mfupa. Inaweza kuwa kweli. Inaweza pia kuwa kichaa cha mbwa. Kwa hiyo, kama hukumwona akila, na hana chanjo au hivi karibuni aling'atwa au tabia yake imebadilika, usitie mkono mdomoni. Mfungie ndani, weka watoto mbali, mwite daktari wa mifugo. Kama tayari amekung'ata, au mate yake yamekugusa kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaanze chanjo. Mtu akishaonyesha dalili za kichaa, karibu haponi kamwe.

## Ukimpeleka, na daktari akiwa mbali

- Kwenye bajaji au gari, mlaze ubavu, kichwa kikiwa chini kidogo ili akitapika asipaliwe.
- Usimfunge mdomo mbwa anayetapika au anayehema kwa shida.
- Beba ule mfuko wa ushahidi.
- Akipata degedege, ondoa vitu vigumu karibu yake, hesabu dakika, usimshike mdomo.

Daktari akiwahi, anaweza kumpa sindano ya kutapisha. Inafaa zaidi ndani ya saa mbili za mwanzo, ndiyo maana nasisitiza mpige simu kabla ya dalili. Baada ya hapo kazi huwa ni dripu, kulinda figo au ini, na kutuliza moyo.

Vijijini, anza na ofisa mifugo wa kata. Kama hana dawa za mbwa, bado anajua nani anazo. Duka la dawa za mifugo linaweza kukupa namba ya daktari, lakini muuzaji si daktari. Usikubali achanganye sindano kwa kubahatisha. Kwa kesi ngumu, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, na kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoko Kabete hupokea mbwa.

## Kama tumbo limechafuka tu

Mara nyingine daktari atakwambia si sumu. Amekula mafuta mengi, viporo vilivyochacha au pilipili. Basi fanya hivi:

1. Mbwa mzima asile chakula saa 6 hadi 12. Watoto wa mbwa, wenye mimba na wagonjwa wasifungishwe, muulize daktari.
2. Maji yawepo, ila kidogokidogo. Akinywa bakuli zima kwa pupa atayatapika.
3. Anza na wali mlaini sehemu mbili, na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi wala mfupa sehemu moja. Bila chumvi, bila kitunguu, bila mafuta.
4. Mpe vijiko vichache mara nne au tano kwa siku, kwa siku mbili au tatu.
5. Rudisha chakula chake cha kawaida polepole.

Kama alikula mafuta mengi, kwa mfano yaliyobaki ya kukaangia au ngozi ya nguruwe, kaa macho siku tatu. Kongosho likivimba, mbwa hutapika tena na tena, hukunja mgongo, akainamisha miguu ya mbele kama anayesujudu na makalio juu. Ukimwona akifanya hivyo, mpeleke.

## Mnaponiambia...

"Mbwa wangu amekula mifupa miaka yote." Huenda. Mfupa haumchomi kila anayeumeza, ila unaomchoma humchoma siku moja tu. Miaka iliyopita haimlindi kesho.

"Huyu ni mbwa wa kienyeji, tumbo lake limezoea." Amezoea viporo na vidudu vya kawaida. Hakuna ukoo wa mbwa ambao figo zake zimezoea zabibu wala ini lake limezoea sumukuvu.

"Alikula kitunguu kidogo tu kwenye mchuzi." Mchuzi mdogo mara moja hautamuua mbwa mkubwa. Lakini mbwa anayepewa masazo ya mchuzi kila jioni hupata vitunguu kila jioni, na damu yake hupungua bila wewe kujua. Chota chakula chake kabla hujaunga.

"Kwa hiyo nisimpe chakula cha watu kabisa?" Sijasema hivyo. Mbwa wengi Afrika Mashariki wanaishi kwa ugali, na wanaishi vizuri. Ugali wa unga safi, dagaa walioroweshwa na kumwagwa maji ya chumvi, maini au mapupu yaliyochemshwa, karoti, malenge, viazi vitamu vilivyopikwa: vyote vinamfaa. Shida ni chumvi, viungo, mafuta, mifupa iliyopikwa na ukungu.

"Daktari ni ghali." Simu moja ya mapema ni nafuu kuliko siku tatu za dripu. Ukichelewa kwa kuogopa gharama, mara nyingi utaishia kulipa gharama kubwa zaidi, au kumzika. Mweleze daktari uwezo wako waziwazi, naye atapanga lililo la lazima kwanza.

"Ametapika mwenyewe, basi yametoka." Yametoka baadhi. Angalia matapishi, hesabu yaliyomo, na bado piga simu.

## Zuia kabla

- Jaa liwe na kifuniko kizito, hasa siku za Idi, Krismasi na harusi. Siku hizo ndizo mifupa na vijiti hutupwa ovyo.
- Waambie wageni na watoto wasimrushie mbwa chakula. Mtoto hajui tofauti ya biskuti na chokoleti.
- Donge la maandazi liumukie juu, ndani ya chombo chenye mfuniko.
- Mkoba wa mama wenye bazoka usiwekwe sakafuni.
- Mabaki yanayofaa mbwa yachambue wewe kwa mkono, mpe kwenye bakuli lake.
- Mahindi yenye ukungu yatupe mbali na mifugo yote.
- Mchanje mbwa wako kichaa kila mwaka, ili siku akikwamwa uweze kumgusa bila hofu.

Sasa chukua kalamu. Andika namba ya daktari wa mifugo, namba ya ofisa mifugo wa kata, na uzito wa mbwa wako, ubandike kwenye mlango wa jikoni mahali ambapo kila mtu wa nyumbani ataona, dada wa kazi na watoto pia. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mbwa hawezi kukwambia alichokula wala mahali panapomuuma, kwa hiyo wewe uliyemfuga ndiye wa kuwahi.